Kompyuta Ikijizima, Usikimbilie Kuifuta

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya maradhi ambayo kila mwenye kompyuta ya mezani ama ameyaona au atayaona. Uko katikati ya kazi, hujafika hata nusu ya ukurasa, ghafla kioo kinakuwa cheusi. Mara nyingine mashine inajiwasha yenyewe upya kana kwamba wewe hukuwapo. Mara nyingine inabaki imezima mpaka uibonyeze. Unaanza kazi yako tena, na baada ya robo saa mambo yanakuwa yale yale. Ikifika mara ya tatu unatafuta namba ya fundi.

Fundi akija, mara nyingi hukumu huwa ni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza: "Ina virusi hii, tuifute tuweke programu upya." Ya pili: "Hii imekwisha, nunua nyingine." Leo nataka kueleza kwa nini hukumu hizo zinaweza kukutia hasara kubwa, na namna ya kumtafuta mkosaji wa kweli kabla ya kutoa hukumu yoyote. Nitaeleza kwa kisa kilichonikuta mwenyewe huko kwetu Lushoto, mwezi Julai uliopita.

Binti wa dada yangu ana kiduka karibu na stendi ya mabasi pale Lushoto mjini. Anachapa barua na mitihani ya shule, anatoa fotokopi, anajazia watu fomu. Aidha, yeye ndiye mtunza hesabu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kile tunachokiita vikoba. Wanachama ni 28, wengi wao wakulima wa kabichi, karoti na viazi kutoka pande za Magamba na Lukozi. Zamani hesabu zao zilikuwa kwenye daftari kubwa. Miaka miwili iliyopita walikubaliana ziingizwe kwenye kompyuta ya dukani, na lile daftari likawekwa kabatini.

Jioni moja alinipigia simu. "Shikamoo Mjomba. Mjomba, nimekwisha."

"Marahaba mwanangu. Umekwisha kwa nini?"

Akanieleza kwamba kompyuta inajizima mara tatu, mara nne kwa siku. Mafundi wawili walikwishaiangalia. Mmoja alisema ina virusi na kesho yake angekuja kuifuta. Mwingine alisema mazabodi imekufa. Kilichomliza, hata hivyo, hakikuwa bei ya kompyuta. Siku tisa mbele kikundi kilikuwa kinagawana fedha za mwaka mzima, na tayari maneno yalikwisha kuanza sokoni: mbona kompyuta iharibike wakati wa kugawana? Ndugu msikilizaji, ukikaa katika mji mdogo unajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea. Binti yule hakuwa amegusa hata senti moja, lakini bila hesabu angelithibitisha vipi?

Nikamwambia mambo mawili kwa simu, nami nayarudia kwenu kwa sababu ndiyo yanayotangulia mengine yote.

La kwanza, okoa kazi kabla ya kuokoa mashine. Kompyuta inayojizima ovyo ni kama nyumba inayovuja: kwanza unatoa nafaka, halafu ndipo unapanda juu ya paa. Kila mara mashine inapoanguka wakati inaandika kwenye diski, faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Nikamwambia: zima kabisa usiku huu, iache ipoe. Kesho alfajiri, kabla ya mteja yeyote, iwashe, usifungue programu hata moja, nakili faili za kikundi kwenye flashi mbili, kisha izime. Alifanya hivyo na kazi ikachukua dakika sita. Laiti ingelikataa kuwaka kabisa, bado ingelikuwapo njia nyingine, yaani kuifungua diski na kuichomeka kwenye kompyuta nzima ili kuisoma. Na huyo fundi wa kufuta nikamwomba amwambie asubiri. Kufuta diski ambayo haijanakiliwa ni kuchoma ghala ili kumfukuza panya.

La pili, chukua daftari. Chora safu tatu: saa ngapi imeanguka na baada ya dakika ngapi tangu kuwashwa; ulikuwa unafanya nini, pamoja na kinachoendelea dukani; na imeanguka namna gani, yaani imejiwasha yenyewe au imebaki imezima. Usiandike unachofikiri. Andika ulichokiona.

Siku sita baadaye nilipanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mombo, nikapanda milima zile kilomita 33 kupitia Soni. Mombo palikuwa na joto. Lushoto, iliyo kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, ilikuwa imefunikwa na ukungu wa Julai, na mpwa wangu nilimkuta amevaa sweta na kujitanda kitenge juu yake. Kwenye daftari lake yalikuwamo maanguko 19.

Tukakaa kuyasoma. Kumi na manne yalikuwa yamefanana. Yalitokea kati ya dakika 12 na 20 tangu mashine kuwashwa, hasa alipokuwa na kazi nzito, na mashine ilibaki imezima. Akiiwasha pale pale, haikumaliza hata dakika tatu. Akiiacha mpaka amalize kunywa chai, ilikaa tena robo saa nzima. Matano yaliyobaki hayakuwa na saa maalumu, na katika yote matano mashine ilijiwasha yenyewe. Kwenye safu ya pili, mbele ya kila moja ya hayo matano, alikuwa ameandika maneno yale yale bila kujua uzito wake: "mteja wa fotokopi."

Basi kabla hata ya kushika bisibisi tulikuwa tumejua jambo ambalo mafundi wawili hawakulijua. Mashine ile haikuwa na ugonjwa mmoja. Ilikuwa na magonjwa mawili, na ndiyo maana kila aliyetafuta mmoja alipotea njia.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo kwa nini kompyuta hujizima. Sababu ni nyingi, lakini karibu zote zinaingia katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni joto. Prosesa, kile kijipande ambacho ndicho hufanya hesabu zote, huchemka sana, na kimewekewa ulinzi: joto likikaribia au kupita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, mashine hukata umeme ili kisiungue. Hapo kujizima si uharibifu, ni kujiokoa. Fungu la pili ni umeme: ule unaotoka ukutani, waya unaouleta, na pawa saplai, yaani lile boksi la chuma ndani ya mashine linaloubadili kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Fungu la tatu ni kumbukumbu, diski na programu, na humo ndimo virusi navyo vinamokaa.

Namna ya kuanguka hutofautisha mafungu hayo. Tatizo la programu au la kumbukumbu mara nyingi huacha ujumbe. Kwenye matoleo mengi ya Windows hutokea kioo cha bluu chenye maandishi, lakini mashine nyingi zimepangwa kujiwasha upya haraka kiasi kwamba huwahi kuyasoma. Katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya kuwasha na kuokoa mashine, ipo alama ya tiki inayoamuru ijiwashe yenyewe. Iondoe alama hiyo, na kioo cha bluu kitabaki mpaka uandike namba yake. Tuliiondoa. Mashine ilipoanguka tena hakikutokea kioo cha bluu wala cha kijani. Ilikatika kama taa. Windows hutunza pia kumbukumbu za matukio, na humo tulikuta tukio namba 41 liitwalo Kernel-Power limejirudia safu kwa safu. Watu wengi wakiliona hudhani wamepata jibu. La hasha. Namba hiyo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Haisemi nani aliyeizima.

Jaribio lililofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina gharama na linamaliza ubishi. Ukiiwasha kompyuta na kubonyeza kibonye fulani mapema, mara nyingi F2 au Delete, unaingia katika ukurasa wa maandalizi ambao mafundi huuita bayosi. Ukurasa huo unafunguka kabla ya Windows kuanza. Programu zako zote bado zimelala, na virusi vya Windows kama vipo navyo vimelala. Ukiiacha mashine hapo na bado ikajizima, ile hukumu ya "tuifute" inakuwa haina ushahidi.

Tukaiacha hapo. Bahati nzuri bayosi ya mashine ile, kama nyingine nyingi, inaonyesha joto la prosesa. Tulivuta viti, tukashika vikombe vya chai, tukatazama. Ilianza na nyuzi 52. Baada ya dakika tano ikawa 71. Dakika ya kumi ikawa 86. Nje ukungu ulikuwa umeziba hata upande wa pili wa barabara. Joto lilipofika nyuzi 98 kioo kikawa cheusi.

Mpwa wangu akacheka kwa mshangao. "Mjomba, na baridi yote hii?"

Swali lake ni la maana, kwani hata fundi mmoja alikuwa ametoa hoja hiyo hiyo: Lushoto hakuna joto, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuchemka. Lakini prosesa haipozwi na hali ya hewa ya mji. Joto lake linapita kwenye dawa laini inayopakwa juu yake, kutoka hapo linaingia kwenye kipande cha alumini chenye mapezi mengi, kisha feni inapuliza hewa katikati ya mapezi hayo. Njia hiyo ikizibwa mahali pamoja tu, joto linabaki palepale lilipozaliwa, hata ukiipeleka mashine juu ya Magamba. Tena hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani: kwenye kimo cha Lushoto imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Tanga mjini, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu kidogo. Si sababu ya kuizima mashine nzima, kwani mashine hizi hutengenezwa kufanya kazi hata juu zaidi ya hapo. Ila mashine iliyokwisha kuziba haihitaji mzigo mwingine.

Tukazima, tukachomoa waya ukutani, tukafungua ubavu wa boksi. Katikati ya mapezi ya alumini palikuwa na kitu kama blanketi: vumbi jekundu la barabarani, nyuzi za kitenge na unga mweupe wa karatasi za fotokopi, vyote vimeshikana. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, lakini ilikuwa inapuliza ukuta. Na kulikuwa na jambo jingine. Kipozeo kile hushikwa na miguu minne ya plastiki inayobanwa kwenye mazabodi. Mguu mmoja ulikuwa umechomoka, kipozeo kimeinuka upande kwa unene wa ukucha. Ile dawa ya chini yake ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali.

Tulisafisha kwa brashi mpya ya kupakia rangi na pampu ya baiskeli, huku nimeizuia feni kwa kidole ili isizungushwe na upepo, maana feni ikizungushwa kwa nguvu huweza kuharibika. Tukafuta ukoko kwa pamba na spiriti, tukapaka dawa mpya kiasi cha punje moja ya choroko, si zaidi, tukabana miguu yote minne mpaka ikalia. Tukarudi kwenye bayosi. Baada ya nusu saa joto lilikuwa nyuzi 43 na halikupanda tena.

Mpwa wangu alitaka kunishukuru hapo hapo. Nikamwambia tusubiri, daftari bado lina maanguko matano. Na kweli, mchana wake mashine ilikuwa inafanya kazi safi, akaja kijana na vyeti vyake vya kutoa nakala. Mashine ya fotokopi ikaunguruma, taa ya chumba ikapepesa, kompyuta ikazimika na kujiwasha yenyewe.

Majirani walikuwa na maelezo yao: umeme wa huku mdogo. Wengine walishangaa, maana Mto Pangani unaopita chini ya milima yetu ndio unaoendesha mitambo ya Hale, uliofunguliwa mwaka 1964 ukiwa na uwezo wa megawati 21, na ule wa New Pangani Falls wa mwaka 1995 wenye megawati 68. Umeme unazaliwa mlangoni petu, wakasema, mbona unatufikia umechoka? Nikaomba mita ya kupimia umeme kwa fundi wa redio wa jirani. Kwenye soketi ya ukutani tulipata volti 228, na kipimo halali cha nchi yetu ni 230. Fotokopi ilipowashwa, soketi ile ilishuka kidogo tu, ikawa 221. Lakini mwisho wa ekstensheni, pale kompyuta na fotokopi zilipochomekwa pamoja, zilishuka hadi 184. Umeme ulikuwa unapotelea kwenye mita nne za waya mwembamba. Tulipoushika waya ule karibu na plagi ulikuwa na joto kama kikombe cha uji.

Fotokopi na printa za leza hupasha moto chombo kinachogandisha wino kwenye karatasi, na wakati huo hunyonya umeme mwingi, mara nyingi wati 1,000 hivi au zaidi. Waya mwembamba hauwezi kuupitisha wote, kwa hiyo kila kilichochomekwa hapo kinapata njaa. Pawa saplai nzima huweza kustahimili njaa fupi, lakini fupi kweli: akiba iliyomo ndani yake huendesha kompyuta kwa muda usiofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Pawa saplai iliyochakaa haina hata akiba hiyo. Ya mpwa wangu tuliipima kwenye ule umeme wa volti 12, nayo ikatoa 11.2. Kiwango kinachokubalika hakipungui 11.4 wala kuzidi 12.6. Maana yake, ilikuwa imechoka.

Tuliihamishia fotokopi kwenye soketi yake ya ukutani, waya mwembamba tukautupa, na pawa saplai nyingine ikaletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Hapa nitoe onyo. Boksi la pawa saplai libadilishwe zima zima, usilifungue. Ndani yake zimo kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na mtu huweza kupoteza maisha.

Mtauliza, na zile hesabu? Flashi ilifunguka vizuri, isipokuwa faili la mwisho lilikuwa limeharibika wakati wa moja ya maanguko, na nakala nzima iliyopatikana ilipungukiwa na makusanyo ya Jumapili tatu. Lakini kila mwanachama ana kitabu chake kidogo kinachogongwa muhuri kila anapoweka. Mpwa wangu alipita kwa wanachama wote 28 akiwa na mwenyekiti, wakajaza Jumapili zile tatu kutoka kwenye mihuri. Siku ya kugawana sanduku lilifunguliwa kwa funguo tatu zilizo kwa watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi, fedha zikahesabiwa mbele ya kila mtu. Palikuwa na tofauti ya shilingi 2,000, ikaonekana ni faini ya kuchelewa ambayo haikuandikwa. Mama mmoja mtu mzima, ambaye nilisikia alikuwa miongoni mwa walionong'ona, alimshika mpwa wangu mkono akamwambia, "Mwanangu, tusamehe, sisi tulihofia jasho letu." Na tangu siku ile hesabu huchapwa kwenye karatasi kila Jumapili na kutiwa saini, kompyuta iwe nzima au mbovu.

Simlaumu sana yule fundi aliyesema virusi. Wakati fulani angekuwa na haki. Agosti 2003 kirusi kiitwacho Blaster kilienea duniani, na mashine za Windows zilizoguswa zilionyesha tangazo kwamba zitajizima baada ya sekunde 60. Mwisho wa Aprili 2004 kikafuata Sasser chenye tabia kama hiyo. Mafundi wengi walijifunza kazi katika miaka ile au walifundishwa na waliojifunza wakati ule, na somo likabaki: ikijizima, ni virusi. Lakini vile virusi vilitoa tangazo na kuhesabu sekunde. Mashine inayokatika kimya haifanani navyo.

Wala kuhukumu mashine kwa haraka si tabia ya mafundi wa vichochoroni tu. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda mrama. Marufuku ile ilituchelewesha kwa miaka. Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako watumishi wa mahakama hufundishwa kwamba mshitakiwa hahukumiwi mpaka ushahidi usikilizwe. Kanuni hiyo ingefaa ivuke barabara ifike hata kwenye meza za mafundi wetu.

Basi ndugu msikilizaji, mashine yako ikianza kujizima, fuata mpangilio huu. Kwanza nakili kazi zako, zikae mahali pawili. Pili, andika daftari kwa siku chache. Tatu, ondoa ile tiki ya kujiwasha ili uone kama kuna kioo cha bluu. Nne, iache kwenye bayosi nusu saa utazame joto. Ikianguka hapo, achana na virusi, tazama vumbi, feni na umeme. Isipoanguka hapo lakini ikaanguka ndani ya Windows, bado usifute. Chomoa vijiti vya kumbukumbu, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, virudishe kimoja kimoja, na uendeshe programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha. Pima na diski. Kufuta na kuweka programu upya kuwe jambo la mwisho, si la kwanza. Na kila hatua badili kitu kimoja tu. Ukibadili vitatu kwa pamoja mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya, na ikiugua tena unaanza upya.

Mkiwa na UPS, ni jambo jema, ila msichomeke fotokopi wala printa ya leza humo, na mkumbuke betri yake huzeeka baada ya miaka michache. Na mkaao milimani, mkiteremsha kompyuta iliyolala kwenye baridi mkaifikisha Mombo au Tanga, msiiwashe papo hapo. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa chuma baridi hutoa matone ya maji ndani. Iacheni saa mbili tatu kwenye boksi lake ipate joto la mahali.

Jana mpwa wangu alinipigia simu. Daftari bado analiweka kando ya kibodi. Kurasa zake za miezi hii zote ni tupu, isipokuwa mstari mmoja wa Septemba: "Saa nne asubuhi. Imezima. Umeme umekatika mji mzima." Nikamwambia hilo nalo ameliandika sawasawa.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo. Kwaherini.